Galvanomita ya miliampea 1 kuifanya ammita ya ampea 10: shanti ya waya wa shaba

Banda la kuchajia betri za taa za dagaa, liwe Kibirizi, Katonga au Ujiji huko Kigoma, halihitaji vifaa vingi: paneli, kidhibiti chaji, betri, na ammita ya kuonyesha chaji inaingia kiasi gani. Paneli ya wati 150 ya mfumo wa volti 12 hutoa karibu ampea 8 jua likiwa kali. Usiku ziwani, taa nne za LED za wati 20 kila moja zinakula karibu ampea 6.7. Ammita inayosoma hadi ampea 10 inatosha kazi zote mbili. Tatizo ni kwamba kipimo cha mshale kinachopatikana kirahisi, kile kilichong'olewa kwenye mashine ya zamani au galvanomita ya maabara ya shule, mara nyingi hufika mwisho wa mistari yake kwa miliampea 1 tu. Ukipitisha ampea 8 humo, koili (waya mwembamba uliozungushwa ndani yake, unaosukuma mshale) inaungua kabla hujatoa mkono kwenye swichi.

Dawa yake ni rezista yenye ukinzani mdogo sana inayofungwa sambamba na kipimo. Ndiyo shanti. Umeme ukifika pale hugawanyika: sehemu moja kati ya elfu kumi inapita kwenye koili na kusukuma mshale, nyingine zote zinapita kwenye shanti. Kipimo hakijui kama kuna ampea 10. Kinachokijua ni miliampea yake moja.

Hesabu ya shanti mwanafunzi wa sekondari anaimaliza kwa dakika mbili. Kazi inaharibikia kwenye kuunga. Ukinzani tunaoutafuta hapa ni omu 0.0075, na bolti iliyolegea au yenye kutu peke yake inaweza kuwa na ukinzani zaidi ya huo. Kwa hiyo mahali unapozishika zile nyaya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye kipimo ndipo panapoamua kama ammita yako itasema kweli. Sehemu kubwa ya maelezo haya ni kuhusu jambo hilo.

Kijue kwanza kipimo chako

Fungua mgongo wa kipimo kabla ya yote. Kama usoni kimeandikwa A na ndani kuna kipande cha bati au waya mnene unaounganisha terminali mbili, hiyo tayari ni shanti. Iondoe ndipo uanze kupima. Kama ndani hakuna koili nyembamba inayozunguka katikati ya sumaku, bali kuna koili nene iliyotulia na kipande cha chuma kinachovutwa, hicho ni kipimo cha aina nyingine na hakifai kwa kazi hii. Angalia pia alama ya namna ya kukiweka. Alama kama herufi T iliyopinduliwa maana yake kisimamishwe ukutani. Ukikilaza mezani wakati wa kupima, mshale unaweza kukudanganya. Sawazisha sifuri kwa ile skrubu ndogo ya usoni kifaa kikiwa kimekaa vile kitakavyokaa siku zote.

Usipime ukinzani wa koili kwa kuweka testa (multimita) kwenye omu. Testa ikiwa kwenye omu husukuma umeme wake yenyewe, na kwenye renji ya chini umeme huo waweza kuzidi miliampea 1. Mshale unagonga mwisho, unapinda, na kipimo kimekwisha thamani.

Fanya hivi. Chukua betri ya volti 12, rezista ya kilo-omu 10, na rezista ya kuzungusha ya kilo-omu 10 (mafundi redio huiita volyumu). Viunge vyote mfululizo pamoja na kipimo chako na testa ya dijitali iliyo kwenye renji ya mikroampea 2000. Anza volyumu ikiwa kwenye ukinzani wake mkubwa kabisa, ndipo uunge betri. Mshale utapanda mpaka karibu sita ya kumi. Zungusha polepole mpaka ufike hasa kwenye mstari wa mwisho, kisha soma testa. Ikionyesha 1000, kipimo ni cha miliampea 1 kweli. Vipimo vya zamani hupoteza nguvu ya sumaku, kwa hiyo ukikuta 1040 usishangae. Andika namba uliyoikuta, siyo iliyochapwa usoni.

Sasa itoe testa kwenye mfululizo, unga waya pale ilipokuwa, rudisha mshale kwenye mstari wa mwisho kwa volyumu, na uiweke testa kwenye renji ya milivolti 200 juu ya terminali mbili za kipimo. Tuseme umesoma milivolti 75. Kwa miliampea 1, hiyo ni omu 75. Testa kwenye renji hiyo ina ukinzani wa omu milioni 1 au zaidi, haiibi umeme wa kutosha kuharibu usomaji.

Namba hiyo ya milivolti ndiyo ya kushika. Shanti yoyote, ya kununua au ya kutengeneza, ina kazi moja tu: kutoa milivolti 75 wakati ampea 10 zinapita.

Hesabu

Ukinzani wa shanti ni milivolti za kipimo ukizigawa kwa umeme unaopita kwenye shanti. Umeme huo ni ampea 10 kutoa miliampea 1, yaani 9.999. Volti 0.075 kugawa kwa 9.999 ni omu 0.0075. Kule kutoa miliampea moja hakubadilishi kitu kwa kiwango hiki. Kungebadilisha kama ungekuwa unatengeneza ammita ya miliampea 10. Joto litakalozalishwa kwenye shanti ni volti 0.075 mara ampea 10, yaani wati 0.75. Ni kidogo, lakini tutaona kwamba kina maana.

Kwa nini ampea 10 na siyo 15? Kwa sababu uso wa kipimo tayari una mistari kumi. Sifuri mpaka moja inakuwa sifuri mpaka kumi bila kuchora upya. Kuchora uso mpya kunataka kuufungua mfuniko, na vumbi la chuma likiingia kwenye sumaku mshale unaanza kukwama katikati.

Waya wa kutengenezea shanti

Waya wa nyumba wa milimita mraba 2.5, wa shaba, una ukinzani wa karibu miliomu 7 hadi 7.4 kwa mita moja. Miliomu 7.5 tunazozitaka ni mita 1 na sentimita chache. Kata mita 1.3 ili upate nafasi ya kurekebisha. Ukiwa na wa milimita mraba 4 ni bora zaidi, maana unapata joto kidogo. Huo una karibu miliomu 4.6 kwa mita, kwa hiyo kata mita 1.9.

Hakikisha ni shaba tupu. Kuna nyaya madukani ambazo ni alumini iliyopakwa shaba nje. Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, uache. Ukinzani wake ni mwingine, na alumini ikishabanwa kwenye bolti hulegea kadiri miezi inavyopita.

Waya wa chuma wa kufungia nondo usiuguse: unashika kutu, na ukinzani wake hupanda haraka joto likipanda. Waya wa jiko la umeme, wa nikromu, haubadiliki sana kwa joto, ila haushiki risasi ya kulehemu, na ukinzani wake ni mkubwa mno kwa kazi hii. Nikromu ya unene wa milimita 1 inatoa miliomu 7.5 kwa urefu wa karibu milimita 5 tu. Ukikosea nusu milimita umekosea asilimia kumi.

Kuna sababu nyingine ya kupenda shaba hapa, na wengi huipita bila kuiona. Koili ya kipimo nayo ni waya wa shaba. Shaba hupandisha ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Banda la bati likipigwa na jua la mchana, koili inapanda na shanti inapanda kwa uwiano uleule, na mgawanyo wa umeme haubadiliki. Shanti za kiwandani hutengenezwa kwa manganini, aloi ya shaba, manganisi na nikeli aliyoibuni Edward Weston mwishoni mwa karne ya 19, na ukinzani wake haubadiliki karibu kabisa kwa joto. Ni nzuri sana, lakini ukiifunga moja kwa moja na koili tupu ya shaba, digrii 15 kati ya alfajiri na saa nane mchana zinakupa kosa la asilimia 6. Ndiyo maana vipimo vilivyokusudiwa shanti za manganini huwa na rezista ya ziada mfululizo na koili, ili sehemu ya shaba iwe ndogo katika jumla. Sisi tunabaki na shaba kwa shaba, kwa sharti moja: shanti ikae karibu na kipimo, chumba kimoja, hewa moja.

Kuunga

Shanti iwe na miunganiko minne: miwili ya nje kwa umeme mkubwa, miwili ya ndani kwa kipimo.

Vua ganda sentimita 2 kila ncha ya waya, bana viatu vya waya (vichwa vya chuma vyenye tundu la bolti) kwa koleo, kisha vilehemu. Hizo ndizo ncha za umeme mkubwa. Sentimita 5 kuingia ndani kutoka ncha ya kwanza, vua ganda milimita 5 na ulehemu waya mwembamba wa milimita mraba 0.5. Huo ni mguu wa kwanza wa kipimo na hautahama tena. Mguu wa pili usiulehemu bado. Upande huo, uunganishe waya mwembamba na sindano ya kushonea.

Zungushia waya mnene kwenye kipande cha bomba la plastiki kwa mizunguko iliyoachana. Kupinda na kuzungusha hakubadilishi chochote kwa umeme wa DC (usiogeuka mwelekeo, kama wa betri). Usiukunje ukawa kifungu kimoja cha kubana, maana joto litakosa pa kutokea.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kufunga shanti, kiatu cha waya wa betri na waya wa kipimo kwenye bolti moja. Hapo ule ukinzani wa mgusano kati ya kiatu na kiatu unaingia ndani ya kile unachopima. Leo ammita inasoma 8, wiki ijayo mvuke wa tindikali ya betri umeweka ukijani kwenye bolti, inasoma 9.5 kwa umeme uleule. Miguu ya kipimo ikiwa ndani ya ncha, kutu ya bolti inaweza kupunguza umeme wa taa, lakini haiwezi kumdanganya msomaji.

Kulinganisha

Unahitaji betri iliyojaa, taa ya gari ya wati 55/60 na testa yenye renji ya ampea 10. Utepe mmoja wa taa (waya wa ndani unaowaka) hula ampea 4.5 hadi 5, na zote mbili pamoja karibu 9.5. Unga mfululizo: chanya ya betri, fyuzi ya ampea 15, testa, taa, shanti, kisha hasi ya betri. Kipimo chenyewe usikiunge bado. Utepe wa taa ukiwa baridi huvuta umeme mwingi mara kadhaa kwa kufumba na kufumbua, na mshale unaweza kugonga mwisho.

Testa za bei ndogo zina onyo pembeni ya tundu la 10A: sekunde kumi, kisha ipumzike dakika kadhaa. Liheshimu. Anza kwa kuunga waya badala ya testa, acha taa ziwake dakika kumi na tano ili shanti ifikie joto lake la kazi, ndipo uingize testa kwa muda mfupi wa kusoma. Usipofanya hivyo utalinganisha shanti baridi, na ikishapanda digrii kadhaa kwa umeme kamili ammita itasoma juu kwa asilimia moja hadi tatu. Lile joto la wati 0.75 linatoka kwenye shanti peke yake. Koili haina habari nalo, kwa hiyo hapa hesabu ya shaba kwa shaba haikuokoi.

Taa zikishawaka, unga kipimo: mguu uliolehemewa upande mmoja, na upande wa pili choma sindano kwenye ganda la waya mnene, sentimita kama 105 kutoka mguu wa kwanza kwa waya wa 2.5, au sentimita 163 kwa waya wa 4. Mshale ukirudi nyuma, geuza miguu. Ukisoma chini ya testa, ongeza umbali wa sindano. Ukisoma juu, upunguze. Kwa waya wa 2.5, sentimita moja ni karibu asilimia moja. Ukipata mahali panapolingana, weka alama kwa kalamu, zima taa, vua ganda hapo, ulehemu mguu wa pili, na usubiri dakika ishirini waya upoe kabla ya kuangalia tena. Waya uliotoka kulehemewa husoma juu.

Ziba matundu ya sindano kwa tepu.

Usitafute usahihi usiokuwepo. Kama usoni pameandikwa 2.5, mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi asilimia 2.5 ya kipimo kizima, yaani robo ampea popote mshale ulipo. Kwenye ampea 8 hiyo si kitu. Kwenye ampea 1 ni robo ya unachosoma, kwa hiyo ammita hii haifai kupimia taa moja ndogo ya chumbani.

Kinachoua kipimo

Shanti ikikatika au ikilegea huku kipimo kikiwa bado kimeungwa kwenye nyaya kubwa, umeme wote unatafuta njia kupitia koili. Volti 12 kupitia omu 75 ni miliampea 160, mara mia na sitini ya inayobebwa na koili. Miunganiko minne inalinda hapa pia: nyaya kubwa zimefungwa kwenye shanti na siyo kwenye kipimo, basi bolti ikilegea taa ndizo zinazozimika na koili inabaki salama. Kwa sababu hiyohiyo usiondoe shanti kabla ya kuondoa kipimo, na usiweke swichi wala fyuzi kati ya mguu mmoja wa kipimo na mwingine kwenye njia ya umeme mkubwa.

Ongeza dayodi mbili (vipitisha umeme upande mmoja tu) za 1N4007 juu ya terminali za kipimo, zikielekeana kinyume. Kwa milivolti 75 zimelala kabisa. Volti ikikaribia 0.6 zinafunguka na kubeba mshtuko wa muda mfupi. Haziwezi kubeba ampea 7 kwa muda mrefu, kwa hiyo zisikupe uvivu wa kukaza bolti.

Shanti iweke upande wa hasi. Ukiiweka upande wa chanya, zile nyaya nyembamba za kipimo zinakuwa chanya tupu ya betri, na zikichubuka zikagusa hasi zinawaka moto mwekundu. Fyuzi ya ampea 15 ibaki kwenye chanya, karibu kabisa na betri.

Kipimo hichohicho kikiwa voltimita

Hapa rezista inakaa mfululizo na ukinzani wake ni mkubwa. Ili kisome volti 15 mwisho, jumla iwe 15 kugawa kwa 0.001, yaani omu 15,000; toa 75 za koili, zinabaki 14,925. Chukua rezista ya kilo-omu 15 ya asilimia 1, kosa lililobaki ni nusu asilimia tu. Robo wati inatosha tele. Joto la koili halisumbui hapa, kwani omu 75 ndani ya 15,000 hazina sauti. Voltimita hii ni ya betri na paneli za volti 12. Usiipeleke kwenye umeme wa nyumba wa volti 230: ni umeme unaogeuka mwelekeo, mizunguko 50 kwa sekunde, mshale utatetemeka tu kwenye sifuri huku wewe umeshika nyaya za hatari.

Renji tatu kwa swichi moja

Fundi redio akitaka miliampea 10, miliampea 100 na ampea 1 kwenye kipimo kimoja, kishawishi ni kuweka shanti tatu na swichi ya kuchagua. Usifanye hivyo. Swichi ikiwa katikati ya kuhama inaacha koili bila shanti kwa kitambo, na kitambo hicho kinatosha.

Tumia mpangilio wa Ayrton. Rezista tatu zinaungwa mfululizo, na mnyororo wote unakaa sambamba na koili daima: omu 7.5, omu 0.75, na omu 0.083. Upande wa hasi wa kipimo unaungwa mwisho wa ile ya 0.083, na hapo ndipo umeme unapotokea. Swichi inachagua umeme uingilie wapi: juu ya 7.5 ni miliampea 10, kati ya 7.5 na 0.75 ni miliampea 100, kati ya 0.75 na 0.083 ni ampea 1. Omu 7.5 zinapatikana kama zilivyo, 0.75 ni rezista mbili za 1.5 sambamba, 0.083 ni rezista kumi na mbili za omu 1 sambamba, zilizolehemewa kati ya vipande viwili vya waya wa 2.5 vilivyolazwa sawia. Namba hizi ni za koili ya omu 75 na miliampea 1. Kipimo chako kikiwa tofauti, anza upya na mnyororo mzima: ukinzani wa koili ugawe kwa tisa, toka hapo kila renji inayofuata ni moja ya kumi ya iliyotangulia. Kagua kila kiungo cha mnyororo kwa kukivuta kwa kibanio kabla ya kuunga koili.

Mwisho, chukua kalamu ya rangi isiyofutika uandike kwenye bomba la shanti "10 A, 75 mV", na nyuma ya kipimo maneno hayohayo. Fundi atakayekuja kukifungua baada ya miaka miwili lazima ajue kwamba viwili hivi ni jozi, na kwamba shanti ya kipimo kingine haitasoma sawa hapa.